Nani Analipa Promo? Historia ya Wanamuziki Wasio na Kontra Kwenye Intaneti

Bandugu, mwezi wa kwanza mwaka huu mdogo wangu alinitumia ujumbe saa tano za usiku: "Yaya, unikopeshe dola 150. Kuko batu ba promo, banasema wimbo wangu itasikilizwa mara 20,000 mu wiki moja." Niliusoma mara mbili, nikazima simu, nikalala. Asubuhi bado sikujua nimujibu nini.

Si ubahili. Ama tuseme si ubahili peke yake, juu dola 150 kwa mutu wa agronomia anayeishi na kontra za miezi mitatu mitatu si pesa ya kuchezea. Ni kwamba nilishalipa mara moja. Mwaka 2022 nilimpa dola 80 kwa watu wa namna hiyo hiyo, aliowapata kwenye Facebook. Ndani ya siku nne wimbo ulitoka masikilizo 310 ukapita 11,000. Nyumbani tulifanya kafeti, mama alipika sambaza. Lakini nilipotazama vizuri, wasikilizaji karibu wote walikuwa kwenye miji miwili ya mbali ambako hatuna hata mtu mmoja wa kutusalimia, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno. Wiki sita baadaye kampuni iliyopeleka wimbo kwenye majukwaa ikauondoa, ikasema masikilizo ni ya mashine. Hesabu ikarudi sifuri. Na zile 310 za kwanza, za watu wa kweli, za Kadutu na Panzi na Bagira, zikaenda pamoja nazo.

Njo maana, kabla ya kumujibu, niliamua kutafuta hii biashara ilianzia wapi. Mimi nilisoma udongo na mbegu, si historia, lakini jioni za mvua ni ndefu na forfe ya usiku ni bei nafuu. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tuanze nyumbani, kabla ya intaneti, juu vijana wengi wanafikiri promo ilizaliwa na simu. Mwaka 1948 Mgiriki mmoja, Nicolas Jeronimidis, alifungua kule Léopoldville nyumba ya sahani iliyoitwa Ngoma. Mwaka huo huo Wendo Kolosoy na Henri Bowane wakarekodi pale Marie-Louise, ule wimbo ambao hata babu zetu wa huku mashariki walikuwa wanaujua. Mwenye nyumba ya sahani ndiye aliyelipia kila kitu: mashine, sahani, hata safari za kuwazungusha wanamuziki ndani ya nchi ili watu wawasikie, kisha wanunue. Mwanamuziki alichukua pesa yake kidogo, sahani na faida vikabaki kwa tajiri. Dhuluma ilikuwa mle, nani atakataa? Lakini ilikuwa dhuluma ya upande mmoja: tajiri alikuwa amehatarisha pesa yake mwenyewe. Wimbo ukianguka, na yeye anaanguka nao.

Kusini, Katanga, mwaka 1952, Hugh Tracey, yule aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi, akarekodi gitaa lake. Masanga ikatembea kuliko mwenyewe. Miaka michache baadaye Bosco alikuwa Nairobi, anaimba kwenye redio matangazo ya dawa ya kichwa, Aspro, na mwenzake Edouard Masengo anaimba ya Coca-Cola. Yaani dawa ndiyo iliyomlipa mwanamuziki. Mushike hilo, nitalirudilia.

Na kuko libanga, ambayo sote tunaijua: tajiri wa Kinshasa, ama mbunge, ama muuza madini, anamlipa mwimbaji ataje jina lake katikati ya wimbo. Tunaicheka, tunasema imeharibu muziki wetu. Lakini hata pale pesa inatoka kwa tajiri inaenda kwa mwimbaji. Ni intaneti iliyokuja kugeuza mto upande wa pili, na haikuugeuza siku moja.

Mwaka 1993, Santa Cruz, California, vijana watatu, Rob Lord, Jeff Patterson na Jon Luini, walianzisha kitu walichokiita Internet Underground Music Archive, kwa kifupi IUMA. Patterson alikuwa na kundi lake, The Ugly Mugs, ambalo hakuna kampuni ya sahani iliyolitaka. Basi wakawaza: kama kampuni hazitutaki, tuweke nyimbo zetu kwenye kompyuta, atakayetaka achukue. Wakati huo dakika moja ya muziki wa CD ilikuwa karibu megabaiti 10. Kulikuwa tayari namna ya kuikamua mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi, lakini hata hivyo, kwa modemu ya biti 14,400 kwa sekunde, megabaiti moja ilichukua karibu dakika kumi kushuka. Kwa hiyo wimbo wa dakika nne ulikula zaidi ya nusu saa, na simu ya nyumba nzima imefungwa. Wale waliosoma hapa na konekso ya 2G wananielewa: unaweka ishuke, unaenda kuoga, unarudi iko 14%.

Kilichonigusa kwa IUMA ni kwamba haikuanza kama biashara ya kuuza matumaini. Kila kundi lilipata ukurasa wake: picha, maneno machache, wimbo, anwani. Msikilizaji wa Japani angeweza kumwandikia mpiga gitaa wa Santa Cruz moja kwa moja. Nadhani hiyo miaka miwili, mitatu ndiyo iliyokuwa safi zaidi katika historia hii yote, na ilikuwa safi juu pesa ilikuwa haijafika.

Pesa ikafika. Mwaka 1999 kampuni ya EMusic ikainunua IUMA. Mwaka 2000 wakatafuta namna ya kufanya watu waizungumzie, wakatangaza kwamba watawapa dola 5,000 wazazi watakaomwita mtoto wao Iuma. Na wazazi walipatikana! Mimi nilicheka peke yangu, juu kwetu Maniema na Uvira wangeichukua hiyo pesa kirahisi kabisa: unaandika Juma, karani wa état-civil anakosea herufi moja, basi. Lakini ukiacha kucheka utaona kitu. Mwaka 1993 walikuwa na wanamuziki na hawakuwa na pesa. Mwaka 2000 walikuwa na pesa ya kulipia majina ya watoto. Mwaka uliofuata pesa ya mwenye mali ikakauka, IUMA ikasimama, ikanunuliwa na Vitaminic, kampuni ya Italia, ikajikokota mpaka 2006, ikazimika.

Sasa tuje kwa ile kubwa, MP3.com. Michael Robertson, wa San Diego, hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mfanyabiashara aliyeona kwamba watu wengi wanaandika neno "mp3" wakitafuta kwenye intaneti, akanunua jina hilo mwaka 1997. Watu wakaanza kumiminika kabla hata hajaweka kitu cha maana. Akafikiri: nyimbo za mastaa ni za makampuni makubwa, nikiziweka watanipeleka mahakamani. Niweke za wasio na kontra, wale watanishukuru.

Na walimshukuru kweli, juu masharti yalikuwa mazuri. Kuweka wimbo ni bure. Wimbo unabaki wako, kesho ukipata kampuni unaondoka. Ukitaka kuuza CD, wewe unapanga bei, wao wanachoma CD moja moja kila mara mnunuzi anapoagiza, mnagawana nusu kwa nusu. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa "lete demo, tutakuita", hii ilikuwa kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Tarehe 21 mwezi wa saba 1999 MP3.com iliuza hisa zake kwenye soko la Nasdaq. Hisa ilipangwa dola 28, ikafungulia dola 92. Kampuni ikakusanya zaidi ya dola milioni 370 kwa siku moja. Jiulizeni: ile pesa ilikuwa inanunua nini? Faida haikuwepo. Ilinunua umati: maelfu ya wanamuziki waliotoa nyimbo zao bure, na mamilioni ya watu waliokuja kutazama. Muziki ulikuwa mbolea, mavuno yalikuwa hisa.

Halafu wakaleta mpango wa kulipa wanamuziki kulingana na wanavyosikilizwa. Ulianza na dola 200,000 za kugawana kila mwezi, mwaka 2000 ukafika milioni 1 kwa mwezi. Hapa njo kidonda kilipoanzia, na ninaomba tukae kidogo. Kabla ya huo mpango, ukisikiliza wimbo wa mtu, umeusikiliza. Baada yake, kila sikilizo ni senti. Basi wanamuziki wakaanza kupeana: sikiliza wangu, nisikilize wako. Wakaacha nyimbo zikizunguka usiku kucha na spika zimezimwa. Kampuni ikaanza kuwakamata na kuwafuta. Mwaka 2001 ikaongeza sharti lingine: ili uwe na haki ya kulipwa, ulipe kwanza dola 19.99 kila mwezi.

Soma tena. Ulipe ili ulipwe. Wachache walio juu walirudisha hiyo pesa mara nyingi. Wengi walikuwa wanatoa dola 240 kwa mwaka ili wapokee vidola kadhaa. Mimi nikiona hiyo ninakumbuka mkulima anayelipia kupimiwa mahindi yake kwenye kilo ya mnunuzi. Mashine za 2022 zilizofuta wimbo wa mdogo wangu ni wajukuu wa zile spika zilizozimwa.

MP3.com haikuuawa na hilo hata hivyo. Iliuawa na tamaa nyingine. Mwezi wa kwanza 2000 ilinunua makumi ya maelfu ya CD za mastaa, ikazinakili kwenye seva zake, ikawaambia watu: tuonyesheni kwamba CD munayo, mutaisikiliza popote. Makampuni makubwa yakaenda mahakamani. Jaji Jed Rakoff wa New York akasema kunakili bila ruhusa ni kunakili bila ruhusa. MP3.com ikalipa kampuni moja moja, na Universal peke yake ikachukua dola milioni 53.4. Mwaka 2001 Vivendi Universal, yaani jamaa ya yule aliyeishitaki, ikainunua yote kwa karibu dola milioni 372. Mwishoni mwa 2003 jina likauzwa kwa CNET, na mwezi wa kumi na mbili nyimbo zikafutwa kwenye ile nyumba. Zaidi ya nyimbo milioni moja. Sehemu iliponea kwenye kampuni nyingine iliyokuwa inauza muziki wa kupigwa madukani. Angalia vizuri: wasio na kontra hawakuwa na kesi na mtu yeyote. Kesi ilikuwa ya CD za mastaa. Waliochomewa nyumba ni wapangaji.

Kati ya hapo kulikuwa na majaribio mengine, nitayapita haraka. GarageBand.com, iliyoanza 1999 na Jerry Harrison wa Talking Heads kati ya waanzilishi, ilikuwa na wazo ninalolipenda: ili uweke wimbo wako, ilikubidi usikilize nyimbo za wenzako na kuandika maoni, bila kujua nani kaimba. Washindi waliahidiwa kontra ya kurekodi ya dola 250,000. Hiyo ahadi haikudumu, lakini ile kazi ya kusikilizana ilidumu miaka. CD Baby ya Derek Sivers, 1998, ilikuwa duka tu: unapeleka CD zako, zinauzwa, unalipwa. Haikuahidi umaarufu, na labda ndiyo sababu ilimpita kila mtu kwa umri. Sonicbids ya Boston, 2001, ikafungua mlango mwingine: unalipa kila mara unapoomba nafasi ya kupiga kwenye tamasha, upate usipate. Sisi wenye lisansi tunaijua hiyo bila kuelezwa. Ni kama kununua fotokopi, picha za pasipoti na muhuri kwa kila dosie ya kazi: mwenye fotokopi hajawahi kukosa mshahara.

Sasa MySpace, na hapa nitasema ya kwetu.

MySpace ilianza 2003. Mwaka 2005 News Corp ya Rupert Murdoch iliinunua, pamoja na kampuni mama, kwa dola milioni 580. Kila mtu alikuwa na mfano mmoja mdomoni: Arctic Monkeys, vijana wa Sheffield, Uingereza, ambao albamu yao ya kwanza ya mwezi wa kwanza 2006 iliuza nakala zaidi ya 360,000 kwa wiki moja. "Waliotoka kwenye MySpace", ndivyo ilivyoandikwa kila mahali. Wenyewe walisema ule ukurasa hawakuufungua wao. Walichofanya ni kupiga kwenye mabaa ya kwao na kugawa CD za bure mlangoni. Mashabiki ndio waliozipandisha kwenye intaneti. Yaani kwanza kulikuwa na watu, kisha ukurasa. Lakini hadithi iliyouzwa kwa vijana wa dunia nzima ilikuwa ya kinyume: fungua ukurasa, watu watakuja.

Kaka yangu mkubwa aliamini. Mwaka 2009, mimi bado niko sekondari, yeye na wenzake wanne walikuwa na kundi kule Kadutu: gitaa mbili, kinanda cha parokia, sauti. Walirekodi nyimbo nne kwa rafiki mwenye kompyuta. Walikwenda siberi jioni tatu mfululizo kuzipandisha, umeme ulikuwa unakatika, wanaanza upya. Ninakumbuka alivyorudi ile jioni ya tatu. Alimwamsha mama: "Mama, sasa hata Amerika wanaweza kutusikia." Mama akauliza kama wale wa Amerika watalipa minerval.

Hawakulipa. Kundi lilivunjika, kama makundi yanavyovunjika: mmoja alikwenda migodini, mmoja aliolewa Kigali, kaka akapata ualimu Uvira. Kompyuta ya yule rafiki iliungua. CD ambayo kila mmoja alikuwa nayo iliazimwa, ikachubuka, ikapotea. Mwimbaji wao wa kwanza, mwenye sauti ambayo watu wa mtaa bado wanaitaja, alifariki 2016. Kwenye matanga mtu mmoja alisema: tupige basi wimbo wake. Tukatazamana. Kaka akasema usiwe na wasiwasi, ziko MySpace.

Hakuna aliyefanikiwa kuzifungua siku hiyo kwenye simu, tukadhani ni konekso. Mwezi wa tatu 2019 ndipo habari ilitoka dunia nzima: katika kuhamisha seva, MySpace ilipoteza muziki wote uliopandishwa tangu 2003 mpaka 2015. Walikadiria nyimbo milioni 50 za wanamuziki milioni 14. Mwezi uliofuata Internet Archive ilitoa nyimbo kama 490,000 ambazo watafiti fulani walikuwa wamezinakili kati ya 2008 na 2010. Kaka alinipigia: "Miaka ni ile ile. Utafute." Nilitafuta. Jina la kundi, majina ya nyimbo, nikikosea herufi kwa makusudi kama tulivyozoea kuandika. Nilitafuta siku nyingi. Hazimo. Laki nne na tisini kati ya milioni hamsini ni kama punje moja kati ya mia.

Wenzangu wa Walungu na Kabare watanielewa nikisema hivi. Katika ardhi ya Bushi kuko kalinzi na kuko bwasa. Mwenye kalinzi, aliyepewa shamba kwa ng'ombe na kwa desturi, anapanda kahawa, migomba, miti, na watoto wake watavuna. Mwenye bwasa amekodi kwa msimu: anapanda maharagwe, anavuna, anatoka. Kupanda mti amekatazwa, juu mti ni madai ya kubaki. Tulijifunza hiyo mwaka wa kwanza ili tuelewe kwa nini mkulima hataki kupanda miti ya kuzuia mmomonyoko kwenye shamba la mwingine. Si mjinga. Anajua hatakuwepo.

IUMA, MP3.com, MySpace, zote zilikuwa bwasa, na sisi tulipanda miti. Hakuna aliyetudanganya kwa kweli. Masharti yaliandikwa, kwa Kiingereza, kurasa kumi na saba, nani alisoma? Nyimbo za IUMA ziliokolewa baadaye, mamia ya maelfu, ziko Internet Archive, juu kuna watu waliojitolea kuzinakili. Si juu kampuni ilikumbuka.

Na leo? Simu nyingi za TECNO za kwetu zilikuja na Boomplay ndani, ndiyo njia ambayo mama wa sokoni Nyawera anasikiliza. Spotify ilifika Kongo 2021. Tangu 2024 haihesabii malipo wimbo ambao haujafikisha masikilizo 1,000 kwa miezi kumi na miwili, na inawatoza wasambazaji faini kwa wimbo ulioonekana kusikilizwa na mashine. Msambazaji anamrudishia mwanamuziki hiyo faini. Sasa unganisheni: kijana yuko na 310. Anahitaji 1,000 ili ahesabiwe kama mutu. Mwuza promo anakuja na 20,000 kwa dola 150. Sheria iliyowekwa kupiga vita mashine ndiyo inayomsukuma maskini kwa mwenye mashine. Sijui kama waliokaa kwenye ofisi ya Stockholm waliona hilo.

Bandcamp, iliyoanza 2008, ndiyo ninayoiona yenye adabu zaidi: mnunuzi analipa, wao wanachukua 15% ya nyimbo, na ukitoa gharama za kupitisha malipo, iliyobaki ni ya mwanamuziki. Lakini inalipa kwa PayPal, na kijana wa Kadutu mfuko wake ni M-Pesa na Airtel Money, kwa hiyo anatafuta mjomba wa Ubelgiji wa kumpokelea, na mjomba wa Ubelgiji naye ana mahitaji yake. Na yenyewe iliuzwa kwa Epic Games 2022, ikauzwa tena 2023 kwa Songtradr. Mwenye shamba anabadilika, mpangaji anaendelea kulima.

Basi mdogo wangu. Nilimpigia, nikamwelezea haya yote, Iuma na bwasa na Jaji Rakoff. Alinyamaza muda mrefu nikadhani inite imeisha. Kisha akasema: "Yaya, nimesikia. Lakini wewe unazungumzia nyimbo zilizopotea. Yangu haijapotea, haijasikiwa hata siku moja. Innoss'B pia alitoka Goma, si mbali. Yope ilipita milioni 100. Kuko mutu alilipa fasi fulani." Na hapo sikuwa na jibu safi. Ni kweli, kuna mtu alilipa fasi fulani. Kuanzia Jeronimidis mpaka Aspro mpaka wenye libanga, hakuna muziki uliotembea bure. Tofauti ninayoiona mimi ni moja: zamani mlipaji alikuwa anataka wimbo usikiwe. Mwuza promo wa leo ameshalipwa kabla wimbo haujaanza.

Sikumpa 150. Nilimpa 60, kwa masharti: arekodi tena ule wimbo vizuri, aniletee faili zenyewe, zile nzito, si za WhatsApp. Na nilimpatia nafasi ya kupiga kwenye siku ya mashamba ya ushirika mmoja wa wakulima upande wa Kavumu, ambako kulikuwa na watu zaidi ya mia mbili waliokuja kutazama maharagwe ya kupanda mti. Alipiga nyimbo tatu. Wamama walimwomba arudilie wa pili. Thelathini na sita walichukua wimbo kwa Xender, simu kwa simu, bila mega hata moja. Alirudi bado amenuna, anasema thelathini na sita haionekani popote. Ni kweli, haionekani popote. Flashi moja iko kwake, moja kwa dada yetu Goma, moja kwangu ndani ya kopo la mbegu, pamoja na majivu ya kuzuia unyevu.

Na kama kuna mmoja wenu, ama mkubwa wenu, aliyekuwa Kadutu kati ya 2009 na 2011, na ana CD ya zamani ama kompyuta ya zamani kwenye kabati, yenye nyimbo nne za vijana watano, kinanda cha kanisa, na sauti moja ya juu inayoanza peke yake kabla ya gitaa: aniandikie hapa chini. Hata kama inakwaruza. Kaka anauliza kila mwezi.